Unataka kusoma anthropolojia? Mwongozo kuanzia fomu ya chuo hadi kazi ya kwanza

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, napokea maswali yaleyale. "Kaka, anthropolojia ndiyo nini?" "Ina ajira?" "Nimepangiwa idara ya sosholojia na anthropolojia, nihame?" Mzazi naye huuliza lake, kwa sauti ya chini kidogo: "Sasa huyu mtoto atakula wapi?" Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio ambao ningependa mdogo wangu aufuate.

Nadharia tuimalize mapema, maana si nyingi. Anthropolojia huchunguza binadamu kwa pande nne: jamii na utamaduni, mwili na chimbuko lake, mabaki ya kale, na lugha. Fuvu la Zinjanthropus ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959 liko upande wa chimbuko. Wanafunzi wengi wa kwetu huingia upande wa jamii na utamaduni, na mwongozo huu unawahusu zaidi hao. Kinachoitofautisha na majirani zake ni namna ya kufanya kazi: unakaa na watu, unashiriki wanachofanya, unaandika, kisha unarudi kuuliza tena. Mtindo huo ulipata nguvu baada ya mtafiti Bronisław Malinowski kukaa visiwa vya Trobriand, huko Pasifiki, kati ya 1915 na 1918. Mmoja wa wanafunzi wake London katika miaka ya 1930 alikuwa Jomo Kenyatta. Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda, naye alisomea anthropolojia Oxford. Ni kweli somo hili lilitumikia serikali za kikoloni, na utalisoma hilo darasani bila kufichwa, lakini Waafrika wamekuwa ndani yake muda mrefu, tena wakibishana na walimu wao.

Kuhusu ajira, jibu ni hili: hutaona ofisi yenye kibao kilichoandikwa "Anthropolojia". Tangazo litasema afisa utafiti, afisa ushirikishwaji wa jamii, mtaalamu wa masuala ya jamii, afisa ufuatiliaji na tathmini, mtafiti wa watumiaji, mhifadhi wa makumbusho. Wanaokuajiri wananunua kazi unazoweza kuzifanya kwa mikono yako: kusikiliza, kuandika, kuchambua, kuingia kijijini na kutoka bila ugomvi. Cheti kinakufikisha kwenye usaili tu. Ndiyo maana hatua nyingi hapa chini zinahusu unachokifanya ukiwa bado chuoni.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Sifa za kujiunga. Tanzania, kwa waliotoka kidato cha sita, kiwango cha chini cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi yenye jumla ya pointi 4. Kenya ni wastani wa C+ kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Hicho ni kiwango cha chini tu, kozi yenyewe inaweza kudai zaidi.
- Kiingereza cha kusoma kurasa nyingi kwa wiki. Vyuo vyetu hufundisha kwa Kiingereza, na kozi hii ina usomaji mwingi kuliko unavyodhani.
- Kiswahili kizuri, na lugha ya nyumbani kama unayo. Kama bibi yako anazungumza Kisukuma, Kigiriama au Kinyakyusa nawe unaelewa nusu, tumia likizo kupata nusu iliyobaki. Huo ni mtaji ambao mtaalamu anayeletwa kwa ndege hana.
- Simu yenye kinasa sauti kinachosikika vizuri, na madaftari madogo yanayoingia mfukoni.
- Kompyuta mpakato, hata kuukuu. Ukikosa mwaka wa kwanza utavumilia kwa maabara ya chuo, ila mwaka wa mwisho utateseka.
- Miguu na subira. Sitanii.

Hatua ya 1: Soma orodha ya masomo, usisome jina la kozi peke yake

Chuo Kikuu cha Nairobi kinatoa shahada inayoitwa anthropolojia waziwazi. Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), Makerere na Maseno, idara ni ya sosholojia na anthropolojia kwa pamoja, hivyo unaweza kusoma anthropolojia nyingi ndani ya shahada yenye jina la sosholojia. Chukua orodha ya masomo ya miaka yote na utafute mambo manne: mbinu za utafiti wa maelezo (kuhoji na kuangalia), mbinu za takwimu, kazi ya uwandani yenye alama, na tasnifu ya mwisho. Kozi ikikosa mawili kati ya hayo, angalia kwingine.

Ukivutiwa na mifupa na mawe, usijaze anthropolojia ya jamii ukitumaini utahamishwa. Mlimani kuna idara ya akiolojia na masomo ya urithi, nenda huko moja kwa moja.

Onyo: usichague kwa sababu "ni kozi rahisi, haina hesabu". Hesabu ipo. Na anayekuja kwa kukimbia hesabu hugundua mwaka wa pili kwamba wenzake wanaojua takwimu ndio wanaoitwa kwenye kazi za utafiti za wahadhiri.

Hatua ya 2: Omba chuo na mkopo kwa pamoja

Tanzania unaomba kwenye chuo chenyewe, baada ya kusoma kitabu cha mwongozo cha TCU cha mwaka husika. Kenya unapita KUCCPS, taasisi inayopanga wanafunzi vyuoni. Maombi ya Bodi ya Mikopo Tanzania, au ya HELB, bodi ya mikopo ya Kenya, yaanze siku dirisha linapofunguliwa. Kosa la kila mwaka ni majina kupishana: cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi, cha kidato cha nne Mwanahidi, na akaunti ya benki jina la tatu. Rekebisha hilo mapema, maana kiapo cha majina hakipatikani usiku wa mwisho.

Shahada ni miaka 3 Tanzania na Uganda, na kwa kawaida 4 Kenya. Panga fedha kwa muda wote huo. Na ukipata bumu, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo, tenga kidogo kwa ajili ya nauli za uwandani kabla hujanunua viatu.

Hatua ya 3: Mwaka wa kwanza, jenga tabia ya kusoma kwa kalamu

Hii ni fupi. Kwa kila makala unayosoma andika mistari mitatu: mwandishi anadai nini, amekaa na nani na kwa muda gani, na nini hakukiona. Swali la tatu ndilo litakalokufanya mwanafunzi mzuri. Mwandishi aliyeishi na wazee wa kiume peke yao akaandika kuhusu "jamii nzima" ameacha nusu ya kijiji nje.

Hatua ya 4: Anza daftari la uwandani sasa hivi, usisubiri fildi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapopoteza miaka mitatu. Wanangoja chuo kiwapeleke fildi ndipo waanze kuandika, na wakifika hawajui waandike nini. Daftari ni kama kinanda: anayeanza kujifunza siku ya harusi atawaaibisha wenye harusi.

Chagua mahali pamoja unapoweza kufika kila wiki bila gharama. Kibanda cha mama lishe, kijiwe cha bodaboda, foleni ya zahanati, saluni, mnada wa samaki, mkutano wa vikoba ambao mama yako ni mwanachama. Padogo kabisa. Mwombe mwenyeji ruhusa, mweleze wewe ni mwanafunzi na unajifunza kuangalia kazi za watu. Kisha kaa, saidia kinachosaidika, angalia.

Mfukoni andika maneno machache ya kukukumbusha. Usiku huohuo, kabla ya kulala, andika kwa kirefu. Ukiacha hadi kesho, maneno halisi ya watu yatakuwa yameyeyuka na utabaki na muhtasari wako mwenyewe. Gawa ukurasa sehemu nne: nilichoona, nilichoambiwa, ninachofikiri, cha kuuliza kesho. Mfano wa ukurasa ungekuwa hivi:

*Jumanne, saa 6:40 mchana, kibanda cha M., karibu na stendi. Wateja saba, wote wanaume, watano wamevaa vizibao vya bodaboda. Kijana wa jezi nyekundu anamaliza wali maharage, ananyanyuka, anasema "mama, andika". M. hasemi kitu, wala hachukui daftari. Baadaye mwingine anasema hivyohivyo. M. anamjibu: "Wewe bado ya juzi." Wenzake wanacheka, analipa.*

*Nilichoambiwa: M. anasema hamkopeshi mtu asiyejua kijiwe chake.*

*Ninachofikiri: madeni yako kichwani? Kijiwe ndiyo dhamana? Kile kicheko cha wenzake kilimlipisha?*

*Cha kuuliza: anayehama kijiwe, deni lake linakwenda wapi?*

Angalia ukurasa huo hauna neno "umaskini", hauna "mshikamano wa kijamii", hauna "sekta isiyo rasmi". Maneno makubwa yatakuja darasani. Daftari linataka saa, idadi, nani alikaa wapi, nani alinyamaza, na maneno yenyewe kama yalivyotamkwa. "Mteja alikuwa na hasira" ni hukumu yako. "Aliweka sahani chini kwa kishindo akaondoka bila kunawa" ni kitu ulichoona.

Onyo kuhusu majina: tumia herufi au jina la kubuni tangu siku ya kwanza, na ufunguo wa majina uuweke mbali na daftari. Madaftari hupotea kwenye daladala. Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya yao ni ya 2019, kwa hiyo suala hili limevuka adabu likawa sheria.

Hatua ya 5: Jifunze kuhoji watu wanaokuheshimu mno

Mahojiano ya kwetu yana mtego wake. Mgeni akija na karatasi, mwenyeji atampa jibu la kumfurahisha. Ukiuliza "Je, mnatumia vyandarua?" utaambiwa ndiyo, huku chandarua kimefunika vifaranga uani. Hakuna aliyekudanganya kwa ubaya, amekukirimu tu.

Fanya hivi:

1. Salimia kama mtoto wa watu. Shikamoo kwanza, habari za nyumbani, habari za mvua, kisha ndipo useme kilichokuleta. Anayefupisha salamu huongeza urefu wa mahojiano.
2. Eleza kazi yako kwa sentensi mbili, pamoja na ukweli kwamba huleti msaada. Utaulizwa tu: "Mmetuletea nini?" Jibu wazi. Usiseme "taarifa hizi zitafika serikalini" kama huna uhakika.
3. Omba ridhaa, ya kuzungumza na ya kurekodi, kila moja peke yake. Aliye chini ya miaka 18 anahitaji pia ridhaa ya mzazi au mlezi.
4. Badala ya "kwa kawaida mnafanyaje?", sema "nieleze mara ya mwisho mtoto alipougua usiku, ilikuwaje?" Kawaida ni hotuba, ila tukio la mwisho lina saa, nauli, jirani mwenye pikipiki, na deni.
5. Nyamaza. Baada ya jibu hesabu polepole hadi tano. Mambo mengi mazuri hutoka hapo.
6. "Kwa nini" iweke mwisho. Ikitangulia inasikika kama polisi.
7. Zima kinasa sauti, shukuru, na usinyanyuke haraka. Mazungumzo ya mlangoni, kifaa kikiwa kimezimwa, ndiyo huwa mahojiano yenyewe. Ukitaka kuyatumia, omba ruhusa upya.

Kisha nukuu mwenyewe, yaani hamisha sauti kuwa maandishi neno kwa neno, angalau mahojiano machache. Inachosha. Saa moja ya sauti inaweza kula siku nzima. Lakini kunukuu kutakuonyesha ulivyomkatiza mtu, na pia ndiyo kazi ya kwanza ya malipo ambayo wanafunzi wengi hupata: miradi ya utafiti hutafuta kila mara watu wa kunukuu na kutafsiri.

Hatua ya 6: Ongeza ujuzi wa pili

Chagua mmoja, uufikishe mahali pa kuuzika. Takwimu za kutosha kusafisha na kusoma data ya kaya. Ramani, kwa programu ya QGIS ambayo ni ya bure. Afya ya jamii. Sheria ya ardhi. Kifaransa, kwa anayeiangalia Kongo, Burundi au Umoja wa Mataifa. Jifunze pia KoboToolbox, ambayo wadadisi wengi, yaani wale wanaopita kuuliza maswali ya utafiti, huitumia kukusanya data kwa simu, na programu moja ya kuchambua maelezo. Taguette ni ya bure na inatosha kuanzia.

Maoni yangu: Kifaransa kinapuuzwa mno Tanzania. Mtu anayeweza kuhoji kwa Kiswahili Goma asubuhi na kuandika ripoti kwa Kifaransa jioni hana washindani wengi.

Hatua ya 7: Fildi na tasnifu

Chagua swali dogo mahali panapofikika. "Athari za utandawazi kwa utamaduni wa Wamasai" si swali la tasnifu ya shahada ya kwanza, ni jina la kongamano. "Vijana wa Kimaasai wanaolinda nyumba Sinza, Dar es Salaam, hutumaje pesa nyumbani, na nani huamua zitumikeje?" Hilo linafanyika kwa miezi miwili na nauli ya daladala.

Vibali vifuate ngazi. Tanzania mwanafunzi kwa kawaida hupewa barua ya utambulisho na chuo, nayo hushuka: mkoa, wilaya, kata, hadi kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Toa nakala nyingi, maana kila meza itabaki na moja. Tafiti nyingine zinahitaji kibali cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na za afya hupitiwa maadili na NIMR (taasisi ya utafiti wa tiba). Kenya leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, tume yao ya sayansi. Muulize msimamizi wako mapema ni ipi inakuhusu, kwa sababu majibu huchukua wiki.

Onyo: usiruke mwenyekiti wa mtaa kwa sababu unamjua mwenye nyumba. Siku mtu akiuliza "huyu anayeandikaandika ni nani?", mwenyekiti ndiye atakayekutetea au kukukana.

Ukimaliza, rudi. Hata dakika ishirini za kuwasimulia ulichokipata. Watafiti wasiorudi ndio wanaowafanya wanaokuja baadaye wafungiwe milango.

Hatua ya 8: Chagua mlango wa kazi kabla ya muhula wa mwisho

*Afya.* Kwa maoni yangu huu ndio mlango mpana zaidi. Wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi, agizo la kuwazika wafu bila ndugu kugusa wala kuaga liligongana na desturi za kuosha maiti, na watu wakaanza kuficha wagonjwa na kuzika usiku. Wanaanthropolojia walisaidia kuonyesha kipi kwenye mazishi ni cha lazima kwa familia na kipi kinaweza kubadilishwa, na Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani likatoa utaratibu wa mazishi salama yenye heshima, unaowashirikisha ndugu na viongozi wa dini. Mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Kongo, wa 2018 hadi 2020, ulioua zaidi ya watu 2,200, ulikuwa na kitengo cha uchambuzi wa sayansi za jamii kikifanya kazi pamoja na madaktari, mazungumzo mengi na wananchi yakiwa kwa Kiswahili. Nje ya milipuko kuna taasisi za utafiti kama Ifakara Tanzania na KEMRI-Wellcome Kilifi, ambako majaribio ya dawa na chanjo huhitaji watu wa kuzungumza na jamii.

*Miradi mikubwa na fidia.* Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443. Kila kipande cha njia ya namna hiyo kina shamba la mtu, kaburi la babu, mti wa matambiko, njia ya ng'ombe. Sheria za mazingira hudai tathmini ya athari kwa jamii, na Benki ya Dunia ina mfumo wake ulioanza kutumika 2018: kiwango cha 5 kinahusu ardhi na kuhamisha watu, cha 7 jamii za asili, cha 8 urithi wa utamaduni, cha 10 ushirikishwaji wa wadau. Visome hivyo vinne kabla ya usaili wowote wa kampuni ya ushauri elekezi, utajitenga na waombaji wengine. Kazi hii inalipa, ila itakupima. Utakaa kati ya kampuni inayotaka sahihi haraka na mzee asiyetaka kuhamisha makaburi, na mshahara unatoka upande mmoja. Amua mapema usichokubali kuandika.

*Bidhaa na huduma.* Majaribio ya mwanzo ya M-Pesa Kenya yalilenga wakopaji wadogo kurejesha mikopo. Watu wakaanza kuitumia kutumiana pesa. Walioangalia wakaelewa, na mwaka 2007 huduma ikazinduliwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Kuangalia kile watu wanafanya kweli na kifaa, badala ya kile mwenye kifaa alichotarajia, ni kazi yenye mshahara kwenye benki, kampuni za simu na za programu, hasa Nairobi. Wengi wa wanaoajiri hapa hawajui neno anthropolojia. Usiwafundishe, waonyeshe mfano wa kazi.

*Urithi na makumbusho.* Nafasi ni chache, upendo ni mwingi. Misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda, pwani ya Kenya, iliingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, michoro ya miambani Kondoa 2006, Mji Mkongwe wa Zanzibar 2000. Sehemu kama hizo zinahitaji watu wanaoweza kuzungumza na wazee wa kaya na pia kuandika mpango wa uhifadhi.

*Chuo.* Matangazo ya mkufunzi msaidizi Tanzania mara nyingi hudai GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.8 kati ya 5. Kama hii ndiyo ndoto yako, alama za mwaka wa kwanza zinahesabiwa, usije ukazigundua mwaka wa tatu. Kwa uzamili kuna ufadhili wa Chevening (Uingereza), DAAD (Ujerumani) na Jumuiya ya Madola. Kwa utafiti wa uzamivu, mfuko wa Wenner-Gren hufadhili anthropolojia hasa.

*Ualimu wa sekondari.* Anthropolojia si somo la sekondari. Usiuhesabu mlango huu bila kuongeza sifa ya ualimu.

Hatua ya 9: Andaa mfuko wa kazi

Pamoja na wasifu, uwe na vitu vitatu vya kuonyesha: kurasa mbili za daftari zilizoondolewa majina, muhtasari wa tasnifu wa kurasa mbili kwa lugha ya mtu wa kawaida, na mwongozo mmoja wa mahojiano uliouandaa mwenyewe. Kwenye wasifu usiandike "nina ujuzi wa mawasiliano", kila mtu anao. Andika: "Nilihoji wafanyabiashara 18 wa samaki kwa Kiswahili na Kidigo, nikanukuu na kuchambua mahojiano yote", kama ndivyo ulivyofanya, na kwa idadi yako halisi. Kazi za serikali Tanzania hupitia tovuti ya Ajira Portal. Jisajili kabla ya kuhitimu, na usome sifa kwa makini: tangazo likitaja sosholojia bila kutaja anthropolojia na cheti chako kinasema moja tu, uliza kabla ya kuomba.

Ukikwama

*Wazazi wamegoma.* Usibishane kuhusu jina la kozi. Chapisha matangazo matatu ya kazi yanayofanana na Hatua ya 8, wakae nayo. Mzazi anaogopa njaa, haogopi anthropolojia.

*Umepangiwa sosholojia, ulitaka anthropolojia.* Baki. Chagua masomo ya hiari ya anthropolojia na msimamizi wa tasnifu wa upande huo. Waajiri wengi hawatofautishi, na mara nyingine sosholojia ndiyo inayotajwa kwenye tangazo.

*Watu wanakataa kuhojiwa.* Rudi bila maswali. Kaa siku kadhaa, nunua chai, saidia kubeba. Wakiendelea kukataa, waache, na uandike kukataa kwao. Huenda mradi fulani ulipita hapo ukaahidi kisima.

*Kila mtu anataka posho.* Mwanafunzi hana posho, sema hivyo mapema. Soda au sabuni ya shukrani baada ya mazungumzo inakubalika kwingi, ila usiitangaze kabla, itageuka bei ya majibu.

*Msimamizi hajibu ujumbe.* Acha kutuma "naomba mrejesho". Peleka karatasi iliyochapwa, kurasa tano tu, yenye swali moja mahususi, saa zake za ofisi. Mhadhiri mwenye tasnifu thelathini mezani husoma fupi kwanza.

*Una mahojiano mengi, hujui uanzie wapi.* Soma yote mara moja bila kuandika. Siku ya pili, weka alama kila mahali palipokushangaza. Anza na mshangao mmoja uliojirudia kwa watu zaidi ya wawili.

*GPA imekuwa ndogo.* Mlango wa chuo umebana, mingine haijafungwa. Udadisi wa tafiti na unukuzi haviulizi GPA mara nyingi, vinauliza kama ulileta kazi safi kwa wakati.

*Umehitimu, miezi inapita kimya.* Andikia watafiti waliowahi kufanya kazi mkoani kwako, uwaeleze lugha unazozungumza, wilaya unazozijua na tarehe unazopatikana, na uambatishe zile kurasa mbili za daftari. Tuma kabla ya kiangazi, kwa sababu timu nyingi za uwandani hupangwa wakati huo, barabara zikiwa zinapitika.